Binti yako anapenda sarakasi na mko Kigoma: pa kuanzia

Tangu Agosti 2024 swali ni lile lile. Mzazi anakuja na simu mkononi, kwenye kioo kuna binti aliyevaa rangi za Algeria anazunguka kwenye vyuma, kisha ananiuliza: "Mwalimu, huyu wangu naye kutwa anapinduka kule Kibirizi. Hawezi kufika?"

Binti wa kwenye simu ni Kaylia Nemour. Pale Paris alipata 15.700 kwenye vyuma viwili, akachukua dhahabu, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kuja Afrika. Nawaambia wazazi habari yote: Nemour alizaliwa na kufundishwa Ufaransa, ndani ya ukumbi wenye vifaa kamili, na Algeria ni nchi ya upande wa baba yake. Halafu nawaambia na hili: alichojifunza miaka ya mwanzo hakikuhitaji ukumbi ule. Hicho ndicho nitakachoeleza hapa, na nitasema pia ni wapi mimi na wewe tunatakiwa kusimama.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji. Watoto wa halaiki naandaa mimi, na utotoni nilikuwa halaiki mwenyewe, nikipandishwa juu kabisa ya piramidi kwa sababu nilikuwa mwembamba. Si kocha wa timu ya taifa. Ninachojua ni watoto, mchanga na mbao.

Jua kwanza mchezo unahesabiwaje

Wanawake wana vifaa vinne: meza ya kuruka, vyuma viwili (kimoja juu, kingine chini), boriti, na sakafu ya mita 12 kwa 12. Alama zina mafungu mawili. La kwanza ni ugumu: kila mtindo una thamani yake, ukiweka mitindo migumu zaidi fungu linapanda. La pili ni usafi: unaanza na 10, waamuzi wanakata. Kosa dogo 0.1, la wastani 0.3, kubwa 0.5, kuanguka 1 nzima. Ile 15.700 ya Nemour ilikuwa 7.2 ya ugumu na 8.5 ya usafi.

Wazee wetu wanaomkumbuka Nadia Comăneci, yule wa Romania aliyepata 10 kule Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, wajue mambo yalibadilika. Siku ile ubao wa matokeo uliandika 1.00, maana haukutengenezwa kuonyesha 10.00. Hesabu ya mafungu mawili ilianza 2006. Na siku hizi mtoto wa miaka 14 haruhusiwi Olimpiki. Tangu 1997 lazima awe anatimiza miaka 16 ndani ya mwaka wa mashindano.

Kwa hiyo mama mwenye binti wa miaka minane, punguza kasi. Kuna watu wanadhani mchezo huu unaisha mtu akifika miaka 20. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alianza Olimpiki mwaka 1992 na alikuwa bado anaruka meza Tokyo mwaka 2021, ana miaka 46. Alikuwa na mtoto mkubwa kuliko wapinzani wake wengi.

Fundisha kutua kabla ya kuruka

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wa ufukweni. Wao wanaanza na samasoti, yaani kupinduka hewani, kwa sababu ndiyo inayopigiwa makofi. Mimi mtoto anakaa majuma kadhaa akitua tu, na wengine wananikimbia kwa kuchoshwa. Waache waende, watarudi.

Tafuta shimo la miruko la shule. Mara nyingi limekauka na kuota majani. Lilime kwa jembe mpaka mchanga uwe laini kufikia kifundo cha mguu, kisha upitishe vidole wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Kwenye mchanga wa ziwani mimi huokota ndoano, miba ya migebuka na vipande vya chupa. Ukitumia ufukwe wa Kibirizi nenda mapema, maana jua likipanda dagaa wanaanikwa, na hapo itabidi uombe nafasi kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Hao watoto wako wasinirushie mchanga kwenye dagaa wangu."

"Hawasogei, mama. Tunakaa upande ule wa mitumbwi."

Anza na tofali moja. Mtoto anapanda, anashuka kwa miguu yote miwili, anakaa alivyotua huku wewe ukihesabu moja, mbili, tatu. Miguu iachane upana wa nyonga, magoti yapinde yakielekea vidole vya miguu vinakoelekea, kifua kibaki juu, mikono mbele. Magoti yakigusana, rudia. Wasichana wengi magoti yao huingia ndani wakitua, na huko ndiko magoti yanakokatikia. Rebeca Andrade wa Brazil amepasuliwa goti mara tatu kwa kano iliyokatika, na bado Paris alimshinda Simone Biles wa Marekani kwenye sakafu. Usichukue sehemu ya pili ya habari hiyo ukaacha ya kwanza.

Kisha fumba macho usikilize. Ndiyo, wewe mwalimu ufumbe. Juu ya ardhi ngumu, mtoto anayetua vizuri humsikii kabisa, anayetua vibaya anapiga "pu!" ya visigino. Watoto wanaupenda mchezo huu, wanaanza kushindana nani hasikiki. Tofali moja likishakuwa kimya, weka mawili, kisha ngazi ya darasa. Usizidi urefu wa kiuno cha mtoto.

Pamoja na kutua, fundisha kuanguka. Mtoto akiteleza kwenda nyuma, mkono wake unakimbilia chini wenyewe, kiwiko kimenyooka, na kiwiko ndicho kinachovunjika. Mwambie akunje mikono kifuani, kidevu kwenye kifua, abiringike kwa mgongo wa mviringo. Afanye akiwa amechuchumaa kwanza, halafu akiwa amesimama, halafu umsukume kidogo bila kumwambia lini. Wanacheka mpaka wanasahau kwamba ni somo.

Mikono na msamba

Kusimama kwa mikono ndiyo alfabeti ya vifaa vyote vinne. Mtoto ageukie ukuta kwa tumbo, sio kwa mgongo; atembeze miguu ukutani kwenda juu huku mikono ikisogea karibu. Vidole vya mikono vifunguke, viwiko vinyooke, mabega yasukume mpaka yaguse masikio, mbavu ziingie ndani. Akihesabu 30 bila kupinda kiuno, ameanza kuelewa. Ongea na mwalimu mkuu kabla, kwa sababu ukuta wa darasa uliopakwa rangi juzi utajaa nyayo za vumbi jekundu la Ujiji, na lawama itakuwa yako.

Msamba usilazimishe. Nimeona kaka mkubwa akimkalia mdogo wake mabegani ili ashuke mpaka chini. Marufuku. Mwili upashwe moto kwanza, mtoto ashuke mwenyewe mpaka pale panapovuta bila kuuma, apumue. Kila siku kidogo. Hakuna zaidi ya hapo.

Boriti ya fundi seremala

Boriti halisi ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na inasimama sentimita 125 kutoka chini. Upana ndio wa kuuiga. Urefu wa kwenda juu uachie waliko na magodoro.

Anza na mstari wa chaki sakafuni, au wa mkaa kama chaki zimehesabiwa. Mstari huo ukitembewa kwa vidole vya miguu, macho yakiangalia mwisho wa mstari na sio miguu, nusu ya kazi imekwisha. Tembea mbele, nyuma, upande. Geuka kwa mguu mmoja. Ruka na kutua juu ya mstari. Wiki hata nne, hakuna hasara.

Baada ya hapo nenda kwa fundi. Mbao za mbili kwa nne zinauzwa popote, na inchi nne ni kama sentimita 10, kwa hiyo ukiilaza ubavu wake mpana unakupa upana kamili. Mita 5 ni zaidi ya futi 16, na mbao nyingi ni futi 12, hivyo utaunganisha mbili. Mwambie fundi kiungo kikae juu ya mguu wa boriti, kisining'inie katikati. Mimi naomba mbao mbili zibebane, moja juu ya nyingine, ili isidunde. Miguu iwe mipana na mifupi, boriti ikae urefu wa tofali kutoka chini, basi. Fundi wangu aling'ang'ania aipandishe ifike kiunoni "ili ionekane ya Olimpiki". Nikamwambia fundi, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kuipanda. Akaishusha.

Pembe zote zipigwe randa na msasa mpaka zisiwe kali. Misumari izamishwe ndani ya mbao. Juu viringisha blanketi kuukuu, kisha turubai livutwe kwa nguvu na kugongelewa chini, sio juu wala pembeni ambako miguu hupita. Likilegea likaunda mkunjo, likaze siku hiyo hiyo. Msimu wa mvua ukianza iingizwe ndani. Hapa kwetu mvua inaanzia Oktoba au Novemba, na turubai lililolowa linateleza kuliko sabuni.

Kwenye sakafu, mashindano yanampa mtoto sekunde 90 na muziki usio na maneno. Ukiwa na maneno yanayoimbwa unakatwa alama. Watoto wangu wanataka singeli. Nawapa biti tupu ya singeli, na ninawalazimisha wasimame mwanzo na mwisho kama watu waliokusudia kusimama. Mtoto wa Ujiji aliyecheza ngoma tangu mdogo hahitaji kufundishwa mdundo, anahitaji kufundishwa kutulia.

Tairi, samasoti, na pale pa kusimama

Vijana wetu wanafukia tairi la gari nusu kwenye mchanga, wanalikanyaga kwa kasi linawarusha. Linafanya kazi. Mimi naliruhusu kwa kuruka kulikonyooka tu: juu, mikono masikioni, kutua kimya. Samasoti ya kwenye tairi siruhusu kwa mtoto wa shule, hata kama jirani yake anaipiga kila jioni.

Mipaka yangu ni hii. Bila mtu aliyesomea kumshika mtoto anapopinduka na bila magodoro ya michezo, hatupigi samasoti ya nyuma, hatujizungushi hewani, hatupindui chochote juu ya boriti. Godoro la kulalia halitoshi. Mguu unazama, kifundo kinabaki, mwili unaendelea.

Wanaoniona mwoga nawasimulia ya Biles. Mwaka 2021 Tokyo, huyu aliyekuwa na mataji kuliko wote, aliruka meza akikusudia kujizungusha mara mbili na nusu, akazunguka mara moja na nusu, hajui yuko wapi hewani. Akatoka kwenye fainali ya timu na kuziacha fainali nyingine, akarudi kwa boriti peke yake na kuchukua shaba. Miaka mitatu baadaye Paris aliondoka na dhahabu tatu na fedha moja. Mtoto wako akikuambia "mwalimu, leo napotea", usimwite mvivu. Mshushe arudi kwenye mstari wa chaki.

Na mtoto akiangukia shingo akasema hahisi mikono au miguu, au shingo inauma, usimwinue, usimkalishe, usimpe maji. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike pale pale alipo, mwingine atafute gari la kumlaza akiwa amenyooka juu ya ubao, aende hospitali ya Maweni. Bodaboda hapana.

Nguo, chuo na sahani

Ujiji watoto wengi jioni wako chuoni wakisoma Qurani, kwa hiyo mazoezi yetu ni Jumamosi asubuhi, wakiwa wamekunywa uji. Bibi mmoja alinijia getini kabla hajamruhusu mjukuu.

"Mwalimu, nikikuachia huyu, si utamvua mtandio?"

"Hapana bibi. Ataufunga kwa nyuma ubane. Pini tu ndizo sitaki."

"Na miguu?"

"Taiti mpaka kifundoni, bibi, na fulana ya mikono mirefu."

Nikamwonyesha picha za timu ya Ujerumani ya Tokyo, wanawake wamevaa vazi la kubana lililofunika miguu mpaka kifundoni, na sheria inaruhusu. Aliitazama kwa muda, akasema bado inabana. Akamruhusu, lakini na kanga kiunoni wakati wa kwenda na kurudi. Sawa kabisa.

Kuhusu chakula nina neno kali. Usiweke mizani ya kupima uzito mazoezini na usimwambie binti kwamba amenenepa. Wacheza jimnastiki wakubwa wameumia sana kwa njaa hiyo: hedhi inachelewa au inakatika, mifupa inadhoofu na kuanza kupasuka. Mtoto ale ugali wake na dagaa wazima na mifupa yao, mboga iliyoungwa kwa mawese, maharage. Asile shibe nzito saa ile ile ya mazoezi, hilo tu.

Watu wazima

Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, pamoja na mama wa mmojawapo aliyekaa anaangalia. Mimi nampa kiti. Kabla ya kumshika mtoto unamwambia unamshika wapi na kwa nini: mkono mmoja kiunoni kwa nyuma, mwingine pajani juu ya goti, na unamwachia akishatua. Hakuna mwalimu, kaka wa sarakasi wala "mfadhili" wa kubaki na mtoto peke yake, kumpeleka kwake, au kumkanda misuli chumbani. Marekani, pamoja na kumbi zao zote, daktari wa timu ya taifa aitwaye Larry Nassar aliwadhalilisha mamia ya wasichana kwa kisingizio cha matibabu. Biles ni mmoja wao. Januari 2018 Nassar alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175, na kabla ya hapo wasichana walikuwa wameshasema wakaambiwa wameelewa vibaya. Mtoto akikuambia jambo, msikilize siku hiyo, na nenda dawati la jinsia polisi.

Unamwambia nini mzazi

Mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na miwili, anatua kimya, anasimama kwa mikono katikati ya uwanja, anatembea boriti bila kutazama chini, mwite mzazi mseme ukweli. Wanaofika juu wanafanya mazoezi saa 30 hivi kwa wiki, wana kocha, fiziotherapia na vyuma vya kuning'inia. Hivyo havipo Kigoma. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kumpeleka mtoto huko ni kumhamisha shule na kumtafutia ndugu wa kuaminika. Wachache wataweza. Caitlin Rooskrantz wa Afrika Kusini alifika Olimpiki ya Tokyo na ya Paris akitokea bara hili hili, ila kwao kulikuwa na klabu na mashindano. Mzazi anayesikia haya akaamua binti abaki na halaiki, riadha na shule, ameamua vizuri, na mtoto ana mwili unaojua kuanguka bila kuvunjika.

Anayetaka kuendelea kama mwalimu, Chuo cha Michezo Malya kule Kwimba kipo. Mwalimu mmoja aliyefundishwa kushika watoto ana faida kwa mji kuliko binti mmoja aliyepanda treni.

Andrade, mtoto wa mfanyakazi wa ndani, alianza kwenye mradi wa manispaa ya Guarulhos, mji ulio jirani na São Paulo. Manispaa. Hilo nimeshalisema kwenye kikao cha maendeleo ya kata, na nitalisema tena, kwamba chumba kimoja chenye sakafu nzuri na magodoro kinatosha kwa kuanzia.

Pesa ikipatikana, ya mfadhili au ya harambee, usianze na vyuma kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Nunua magodoro ya michezo kwanza, yale mazito yasiyozamisha mguu. Kisha mlipie mtu mafunzo ya kushika. Kisha turubai jipya la boriti, maana la zamani litakuwa limeshatoboka. Vyuma baadaye, na visimikwe na fundi wa kuchomelea anayekubali kuning'inia mwenyewe mbele ya wazazi kabla mtoto hajavigusa.